Taa zako zinawatia kiwi wenzako? Namna ya kuzipima na kuzirekebisha ukutani

Ukiona karibu kila gari unalopishana nalo usiku linakumulika fulu (taa za juu) mara moja, mara mbili, na una hakika umeshashusha taa, usikimbilie kusema madereva wa siku hizi hawana adabu. Wanakwambia kitu. Taa zako ziko kwenye dimu, yaani zimeshushwa, lakini kwa anayekuja hazina tofauti na fulu.

Mimi niliambiwa hivyo njia nzima, kutoka Segera hadi Chalinze, na sikuelewa. Wiki hiyo nilikuwa nimenunua globu za LED kwa muuza vipuri mmoja Kariakoo. Alizijaribu kwa kumulika ukuta wa duka la jirani, pakawa peupe kama mchana, nikalipa. Usiku ule lami iliyo mbele ya bampa ilikuwa inang'aa hadi naona kokoto moja moja, nikajisifu. Lori la semi, la tatu au la nne, likawasha taa zake zote usoni kwangu na kuziacha hivyohivyo mpaka tukapishana. Barabara ikapotea. Nilijua nilipo kwa kusikia tairi la kushoto likikanyaga changarawe. Nikasimama pembeni mikono ikitetemeka, namtukana mtu ambaye kumbe mimi ndiye niliyemchokoza.

Tangu mabasi ya Tanzania yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, kupishana huku gizani kumeongezeka, na wengi tunadhani dawa ni kununua taa kali zaidi ya za mwenzako. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, ukuta, chaki na bisibisi.

Hesabu ya kiganja kimoja

Kinachotia kiwi si wingi wa mwanga peke yake. Ni mahali unapoelekea. Tuseme taa ya gari lako dogo iko sentimita 65 kutoka ardhini. Ikiinama asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita 1, mwanga wake unagusa lami mita 65 mbele. Gari linalokuja likiwa mita 50 kutoka kwako, ukingo wa juu wa mwanga huo uko sentimita 15 tu kutoka chini, haujafika hata kwenye bampa lake.

Sasa iinue taa hiyohiyo ipande asilimia 1. Kwa mita hizo 50, ukingo unafika sentimita 115. Macho ya dereva aliyekaa kwenye gari dogo yako hapohapo, kwenye mita 1.1 hivi. Na ukutani, gari likiwa limesimama mita 5, tofauti kati ya taa hiyo nzuri na hiyo mbaya ni sentimita 10. Upana wa kiganja. Ndiyo maana fundi anayepima kwa kusimama mbele ya gari na kusema "hapo poa" hawezi kupatia ila kwa bahati.

Kabla ya kugusa skrubu

Jaza upepo matairi kwa kipimo chake. Futa vioo vya taa. Mafuta yawe nusu tenki, buti libaki na vitu unavyotembea navyo siku zote, na mtu mwenye uzito wa kawaida akae kwenye usukani. Kama uko peke yako, funga mfuko mmoja na nusu wa saruji kwenye kiti, kilo 75 zimetimia. Kama gari lina kile kigurudumu cha kushusha taa karibu na usukani, chenye namba 0 hadi 3, kiweke 0. Ukishamaliza, sukuma gari juu chini mara mbili tatu kwa kukandamiza boneti, springi zikae sawa.

Mahali pa kufanyia ndipo wengi wanapokosea. Unahitaji ukuta ulionyooka na sakafu iliyo sawa kuanzia magurudumu ya nyuma mpaka chini ya ukuta. Ghala, ukuta wa shule, uwanja wa sheli usiku (omba ruhusa, mlinzi asikufikirie vibaya). Jicho halitoshi kujua kama sakafu iko sawa. Azima mpira wa maji wa waashi, ule wanaosawazishia msingi: shika ncha moja kwenye tairi la nyuma, nyingine ukutani, tia alama maji yaliposimama, kisha pima kutoka alama hadi chini pande zote mbili. Zikitofautiana sentimita moja mbili, endelea. Zikitofautiana sentimita kumi, tafuta pengine.

Kuchora ukuta

Sogeza gari mpaka bampa likaribie kugusa ukuta. Tazama kioo cha taa. Nyingi zina kitone au kimsalaba kidogo kilichochorwa katikati, mbele ya globu. Chora kimo hicho ukutani kwa kila taa, kisha unganisha alama hizo mbili kwa mstari mrefu wa kulala. Huo ni mstari wa taa. Chora pia mistari miwili ya kusimama, mmoja kwa kila taa.

Rudi nyuma kwa kunyooka mita 5 kamili, ukipima kutoka kioo cha taa hadi ukutani kwa utepe wa kupimia, si kwa hatua. Chini ya ule mstari wa taa chora mwingine, na hapa kimo cha gari kinahesabika. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka taa iliyo chini ya sentimita 80 iiname kati ya asilimia 1 na 1.5, iliyo juu ya mita 1 iiname kati ya 1.5 na 2. Kwa mita 5, gari dogo linapata mstari wa sentimita 5 hadi 7.5 chini ya ule wa kwanza. Lori au gari lililonyanyuka sana, sentimita 7.5 hadi 10. Baadhi ya magari yana kibandiko karibu na taa au chini ya boneti chenye mchoro wa taa na namba kama 1.0% au 1.2%. Ukikikuta, fuata hicho na uachane na hesabu zangu.

Washa dimu, usome umbo

Usikimbilie kuzungusha. Kaa kwenye usukani, utazame ukuta. Kwa nchi zinazoendesha kushoto, Tanzania, Kenya na Uganda, mwanga mzuri una ukingo ulionyooka upande wa kulia, na upande wa kushoto unapanda kidogo kama mlima mfupi. Kulia kumekatwa kwa ajili ya anayekuja. Kushoto kunapanda ili umuone mtembea kwa miguu na mbuzi wa pembezoni.

Ukikuta mlima uko kulia, simama hapo. Taa hiyo imetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na hakuna skrubu itakayoiponya. Magari kutoka Japani hayana shida hii kwetu, kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto. Shida huja na taa za mkono wa pili zilizofunguliwa kwenye gari la Ulaya au la Uarabuni. Unaponunua taa nzima dukani, tafuta herufi E ndani ya duara kwenye kioo chake. Ikiwa na mshale unaoelekea kulia kwako wewe uliyesimama ukiitazama, ni ya kuendesha kushoto. Mshale wa ncha mbili, inafaa kote. Yenye E isiyo na mshale wowote ni ya upande mwingine, mrudishie mwenyewe.

Ukikuta hakuna ukingo kabisa, mwanga umemwagika ukutani kama maji yaliyotupwa, basi tatizo liko kwenye globu, au globu imekaa upande, au kioo kimeharibika. Kuzungusha skrubu katika hali hiyo ni kuhamisha vurugu tu.

Globu ndiyo yenye makosa mengi

Chukua globu ya H4, ile yenye pini tatu nyuma ambayo iko kwenye magari na pikipiki nyingi za kwetu. Ndani ina nyuzi mbili, wati 60 za fulu na wati 55 za dimu. Itazame kwa karibu: chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usiende nusu ya chini ya taa. Unakwenda nusu ya juu peke yake, na ukigonga hapo unarudi chini, barabarani. Adabu yote ya dimu iko kwenye kikombe hicho na kwenye mahali pa uzi, ambapo pakisogea milimita chache kila kitu kinabadilika.

LED ya bei ya chini haina uzi. Ina vipande bapa vya taa vilivyobandikwa kwenye bati nene, mara nyingi si pale uzi ulipokuwa, na kikombe chake ama ni cha mapambo ama hakipo. Mwanga unagonga kila sehemu ya taa na kutoka kila upande. Muuzaji hasemi uongo akikwambia ni kali. Ni kali kweli, hadi kwenye matawi ya miembe. Tena kuna hila nyingine: kwa vile karibu na bampa panang'aa mno, mboni ya jicho lako inasinyaa, na kule mbali panazidi kuwa giza. Unajiona unaona vizuri huku ng'ombe aliye mita 60 umemkosa.

Ushauri wangu ni kurudi kwenye halojeni, ile globu ya kawaida ya uzi, yenye wati zilezile zilizoandikwa na mtengenezaji. Mimi nilizirudisha za zamani kesho yake asubuhi, na zile mpya ziko kwenye droo. Kama huna budi kubaki na LED, na globu yako ni ya aina inayozungushika kwenye kola yake, izungushe mpaka vipande vya taa vitazame kulia na kushoto, si juu na chini, kisha rudi ukutani. Ukingo usipotokea, itoe. Ya rangi ya buluu iache kabisa. Inachoma macho kuliko nyeupe ya umanjano yenye nguvu ileile.

Wengine hufunga halojeni za wati 100/90. Hizo zina ukingo, sawa, lakini nyaya za gari hazikukatwa kwa ajili yake. Soketi inayeyuka taratibu, kioo cha ndani kinaungua, na siku moja unabaki gizani pale mlima Kitonga.

Na mara nyingi anayetafuta globu kali hana shida ya globu. Ana vioo vilivyogeuka njano, au umeme haufiki. Washa injini na taa, kisha pima volti kwenye soketi yenyewe. Ukikuta 12 ilhali betri inasoma 14, kuna waya uliochoka au ati (pale waya unapofungwa kwenye bodi) iliyoshika kutu, na halojeni ikikosa volti kidogo tu inafifia sana: asilimia 10 pungufu ya volti inaondoa karibu asilimia 30 ya mwanga. Vioo vya njano vinasuguliwa kwa msasa wa maji, namba 800, halafu 1500, halafu 2000, maji yakitiririka muda wote, kisha unapiga polishi na kumalizia na dawa ya kuzuia jua. Dawa ya meno inafanya kazi, ndiyo, kwa wiki kadhaa.

Tahadhari mbili: halojeni usiishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya ngozi yanaiua mapema. Na taa za zenoni, zenye maandishi D2 au D4, zinawaka kwa umeme wa zaidi ya volti 20,000. Hizo mwachie fundi umeme.

Sasa zungusha

Nyuma ya kila taa kuna skrubu mbili kwa kawaida. Moja inapandisha na kushusha, nyingine inapeleka kulia na kushoto. Nyingi zinashika bisibisi ya nyota kupitia tundu la juu, nyingine spana namba 8 au 10. Ziba taa moja kwa boksi lililosimamishwa mbele yake (usiifunike kwa kitambaa, plastiki inapata moto), ushughulikie nyingine.

Nusu mzunguko, tazama ukuta. Nusu mzunguko tena. Ukingo ule ulionyooka wa kulia ukae sawasawa na mstari wa chini uliouandaa, na kona pale mlima unapoanzia ikae kwenye mstari wa kusimama wa taa hiyo au kushoto yake kidogo, isivuke kwenda kulia. Skrubu ya pembeni usiiguse kama kona iko mahali pake. Fulu haina marekebisho yake kwenye taa za H4. Ukipatia dimu, nayo imepatia.

Skrubu ikizunguka na mwanga haujongei, meno ya plastiki yamekatika ndani, au taa ilishafunguliwa baada ya ajali na kurudishwa kwa gundi. Itikise kwa mkono. Ikicheza, hakuna kipimo kitakachodumu.

Magari ya taa zinazojishusha zenyewe yana kifaa cha kupima kimo kwenye ekseli ya nyuma. Kikiwa kimekatika au kimefungwa kwa waya wa binding, kitengenezwe kwanza. Na kama umenyanyua gari kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo cha springi, jambo tunalolipenda mno kwa sababu ya matuta, pima taa upya siku hiyohiyo. Gari lililoinuliwa mbele tu linatazama angani.

Mzigo

Hapa ndipo kile kigurudumu cha namba kinapofanya kazi, na sijui ni wangapi wamewahi kukigusa. Ukiwa peke yako au na abiria wa mbele, 0. Viti vyote vimejaa, 1. Viti vimejaa na buti limejaa, 2. Dereva peke yake na buti limeshindiliwa, 3. Ukiteremka Lushoto na magunia ya kabichi nyuma huku kigurudumu kiko 0, mkia umelala, pua imeinuka, na dimu yako imeshakuwa fulu. Gari lisilo na kigurudumu, kama pikapu nyingi za zamani, lipime likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Bodaboda ni vilevile. Mpandishe abiria, legeza boliti mbili zinazobana taa, iinamishe, kaza. Taa nyingi za pikipiki zinazotia kiwi hazina kosa lolote ila zilipigwa dafrau zikabaki zikitazama juu.

Taa za nyongeza

Zile za juu ya kabini na za kwenye bampa zisiwe na swichi yake ya peke yake. Mwambie fundi azifunge kupitia relei, swichi ya umeme inayochukua amri kwenye waya wa fulu, ili ukishusha taa nazo zizimike. Mkono mmoja, kitendo kimoja. Za ukungu ziiname zaidi ya dimu, na ziwake pakiwa na ukungu, Mufindi au Limuru alfajiri, si Bagamoyo Road saa mbili usiku ilhali hewa iko wazi.

Anayevuka Rusumo kwenda Rwanda au Kabanga kwenda Burundi ajue kwamba ule mlima wa kushoto, akihamia kulia mwa barabara, unampiga anayekuja machoni. Kata tepu nyeusi, uibandike kwenye kioo cha taa usiku huku ukitazama ukutani, mpaka mlima uzimike. Kwa taa za halojeni zenye kioo cha plastiki tumia tepu inayovumilia joto. Baadhi ya magari yana kiswichi kidogo nyuma ya taa cha kazi hiyo. Angalia kitabu chake kwanza.

Ukiwa wewe ndiye unayemulikwa

Mmulike mara moja, fupi, kumkumbusha. Asiposikia, basi. Hamisha macho kwenye mstari mweupe wa kushoto au ukingo wa lami, ondoa mguu kwenye mafuta, usimtazame. Ukilipiza mnakuwa vipofu wawili mnaokaribiana. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde, na hata ukiona vizuri, kusimama kunakula mita zipatazo 75 pamoja na muda wa kushtuka, wakati dimu inakuonyesha kama mita 60 za upande wako. Kwa hiyo kwenye dimu, 80 yenyewe ni nyingi.

Futa kioo cha mbele kwa ndani. Kile kiutando cha mafuta kinachotokana na dashibodi hukioni mchana. Usiku kinaitawanya kila taa kama nywele zilizotimka. Waipa zilizochoka zinafanya hivyohivyo. Miwani ya njano ya usiku usiinunue, inakupunguzia mwanga ulionao. Na ukimfuata mtu kwa nyuma nako shusha, maana unamchoma kwa kupitia saiti mira. Ukiona lori linalokuja limewasha indiketa ya kulia wakati mnapishana, hakati kona: anakuonyesha mwisho wa ubavu wake.

Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi, rudi ukutani uangalie tena, skrubu za plastiki hulegea. Kwangu mistari ya chaki bado ipo kwenye ukuta wa uani. Jirani yangu mwenye lori la Canter ameomba nisiifute, na ameshachora yake juu kidogo ya yangu.